Majirani wametunyima usingizi Mkomani: tuhame au tuvumilie?

Mkazi wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaikum. Naandika baada ya kukesha usiku wa nne mfululizo, na ninaomba ushauri wa watu waliowahi kufikwa na jambo kama hili, hasa walioishi katika nyumba za kale za mawe zilizobanana ukuta kwa ukuta.

Huu ni mwaka wetu wa 9 tukiwa wapangaji hapa Mkomani: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 74. Nyumba tunayopakana nayo ilikuwa ya bibi mmoja ambaye, Mwenyezi Mungu amrehemu, hata redio yake tulikuwa hatuisikii. Alipofariki, warithi wake, ambao wote wanaishi Mombasa, waliipangisha kwa kundi la vijana, na tangu hapo hatujapata utulivu. Kila jioni spika hupandishwa darini, yaani juu ya paa bapa la nyumba, muziki huanza baada ya swala ya isha na kuendelea hadi saa nane za usiku, wageni hupanda na kushuka ngazi kwa vishindo, na umeme ukikatika jenereta huwashwa pale pale dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, moshi wake ukatuingilia ndani. Maji ya kufulia humwagwa kichochoroni mbele ya baraza yetu. Mume wangu amekwenda kuzungumza nao mara tatu. Mara mbili waliomba radhi, na usiku uliofuata wakarudia yale yale. Mara ya tatu mmoja wao alimjibu kwamba asiyetaka kelele akaishi shamba.

Usiku wa juzi nilipanda chumba cha juu anakolala mama. Nilimkuta ameketi kitandani gizani, ameziba sikio moja kwa ncha ya leso na jingine kwa kiganja, na tasbihi imemponyoka miguuni bila yeye kujua. Ana maradhi ya shinikizo la damu. Mwanangu mkubwa yuko gredi ya 9, na siku hizi huenda kusomea kwa shangazi yake ili aweze kusikia anachokisoma.

Tumepata nyumba Wiyoni, lakini kodi yake inazidi tunayolipa kwa shilingi 4,000 kwa mwezi, tena ina chumba kimoja pungufu. Mama naye hataki kuhama, kwa kuwa marafiki zake wote wako hatua chache kutoka mlangoni petu, na kule Wiyoni hatakuwa na wa kumbishia hodi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, nami naona ndivyo tunavyofukuzwa. Je, tuhame, au kuna jambo ambalo bado hatujalifanya?

Mpangaji, Malindi

Wa alaikum salaam, dada yangu. Pole sana, na umfikishie mama salamu zangu.

Mimi nilihama kwa sababu ya kelele, na nilihama vibaya, kwa hiyo nitakueleza kosa langu. Nilikuwa naishi Maweni, jirani yangu akiwa na tabia ya kugombana na mkewe usiku kucha na kupiga mlango kwa teke. Nilipochoka nilikwenda kuangalia nyumba Muyeye saa nne za asubuhi siku ya Jumatano, nikaikuta kimya, upepo mzuri, nikalipa diposti na kodi ya mwezi siku hiyo hiyo. Usiku wa Ijumaa ya kwanza ndipo nilipogundua kwamba nyuma ya ua wetu kuna baa. Paa letu lilikuwa la mabati bila dari ya ndani, na kila ngoma iliyopigwa kule ilitetemesha bati juu ya kichwa changu. Nilikaa miezi mitano kwa kuwa sikuwa na fedha za kuhama mara ya pili.

Waarabu husema jirani kabla ya nyumba, nami sikuuliza habari za jirani hata mmoja. Kwa hiyo, kabla hujatoa shilingi yoyote kwa ajili ya nyumba ya Wiyoni, nenda ukakae nje yake usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi mpaka saa tano au saa sita, ukiwa na mumeo. Muulize mwenye duka la karibu na mtu anayeuza maji, maana hao husikia yote. Ukiwa huko, usiulize kama mtaa ni mzuri, kwa sababu kila mtu atakujibu kwamba ni mzuri. Uliza mpangaji aliyetoka alikaa muda gani na alihamia wapi. Halafu weka kwenye hesabu yako gharama za hamali na punda wa kubeba vyombo, kwa sababu hizo hazirudi.

Fundi wa nyumba za mawe, Langoni

Dada, mimi nimefanya kazi katika nyumba hizi kwa miaka mingi, na naomba nikuulize jambo ambalo wengi hawaulizi: sauti inakuingilia kupitia wapi?

Si kupitia ukutani. Ukuta wa matumbawe na chokaa wa nyumba ya kale unakaribia nusu mita kwa unene, na uzito wake huizuia sauti vizuri kuliko tofali za siku hizi. Sauti inakujia kutoka juu, kwa njia ya dari iliyo wazi, kisha inateremka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, na kutoka hapo inaingia misanani, vile vyumba virefu vinavyoelekea uani, kama maji yanavyoingia mtaroni. Panda darini usiku wakati muziki unapigwa, uinamie ukuta wa mpaka, kisha uinuke. Ukisikia tofauti kubwa baina ya kuinama na kusimama, basi umejua kwamba spika inakuona moja kwa moja, na kwamba kitu kizito kikiwekwa baina yenu kitasaidia. Mdundo mzito wa besi utapita hata hivyo, lakini maneno na sauti kali zitapungua.

Hata hivyo, ukuta wa mpaka usiinuliwe bila idhini. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kubadilisha sura ya nyumba kuna taratibu zake. Tena wewe ni mpangaji, na ukuta ni wa wenyewe. Jambo rahisi zaidi ni kuwaomba wale vijana wasogeze spika. Spika iliyo wazi ikitolewa mita 4 kutoka kwako na kupelekwa mita 8, sauti inashuka kwa takriban desibeli 6, na ikitazamishwa upande wa pili inashuka zaidi. Pia jenereta isikae dakani. Daka limefunikwa juu na lina kuta kando zake, kwa hiyo linaukuza mngurumo na kuufungia moshi humo humo, jambo ambalo ni hatari kwa maisha yao wenyewe kabla halijawa kero kwenu.

Kuhusu mama, wazee wetu hawakulala juu kwa ajili ya ukimya bali kwa ajili ya upepo. Chumba kilicho kimya katika nyumba ya kale ni kile kiitwacho ndani, nyuma ya misana yote miwili, mbali na kiwanda. Mhamishie kitanda huko kwa wiki moja. Wakati wa kaskazi atalalamikia joto, na atakuwa na haki, lakini utajua kama mnahitaji kuhama nyumba au kuhama chumba.

Mzazi, Shela

Mama asihamishwe. Mtu wa miaka 74 ukimtoa katika mtaa wake unamkata na watu wanaokuja kumjulia hali bila kuitwa, na hakuna kodi inayoweza kununua hilo. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa habari ya mtu aliyemlalamikia Mtume, rehma na amani zimshukie, juu ya jirani yake. Aliambiwa kwanza asubiri, na aliporudi tena na tena akaambiwa akatoe vyombo vyake avitandaze njiani. Kila aliyepita aliuliza kulikoni, akaelezwa, akamlaani yule jirani, mpaka jirani mwenyewe akaja kumwomba arudi nyumbani na kumwahidi kwamba hataona tena jambo la kumchukiza. Sisemi mtoe vyombo. Nasema kwamba mmelibeba jambo hili ndani ya nyumba yenu peke yenu, ilhali mtaa mzima unakesha pamoja nanyi. Nyumba ngapi zinasikia muziki ule? Nendeni kwa mzee wa mtaa mkiwa watu wa nyumba sita au saba, na akina mama wawemo.

Mstaafu wa utawala, Lamu

Nakubaliana na mzazi wa Shela kuhusu kwenda pamoja, lakini muende na daftari. Andikeni kila usiku tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ni kelele gani, na nani aliathirika. Malalamiko yasiyo na tarehe huishia kwenye pole.

Sheria ipo upande wenu. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zinaweka kikomo cha desibeli 35 katika maeneo ya makazi wakati wa usiku, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza baada ya saa mbili za jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hata bila kipimo, kanuni zinatazama saa ya kelele, ukaribu wa makazi, kama kelele inajirudia, kama imekuzwa kwa mitambo, na kama ingeweza kudhibitiwa bila taabu wala gharama kubwa. Kesi yako inagusa yote. Katiba ya mwaka 2010 nayo imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele, kwa hiyo mlango wa kubisha baada ya mzee wa mtaa na chifu ni afisi ya mazingira ya kaunti, au NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Watu wengine hukimbilia kwa kadhi, lakini mahakama yake husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, si ugomvi wa ujirani.

Kabla ya hayo yote, kuna watu ambao sijaona ukisema kwamba mmezungumza nao: warithi. Vijana wale ni wapangaji kama ninyi. Mwenye nyumba aliye Mombasa huenda hajui kwamba jenereta inanguruma katika daka la marehemu mama yake. Mpigieni simu, kwa adabu, na mmsomee daftari. Polisi waachieni nafasi ya mwisho, isipokuwa kuwe na vitisho au kupigana, kwa sababu utakaporudi nyumbani utaendelea kupakana na watu wale wale.

Mkazi wa Mkomani, Lamu

Nawashukuru nyote, nimeona nirudi kuwaeleza tulipofikia.

Fundi, nilifanya ulivyoelekeza. Nilipoinama nyuma ya ukuta wa mpaka, maneno ya nyimbo yalipotea na mdundo ukabaki. Nilipoinuka yalirudi yote. Spika ilikuwa hatua tano kutoka dirisha la mama. Tumemhamishia kitanda ndani, na amelalamikia joto kama ulivyosema.

Warithi tuliwapigia Jumapili. Aliyepokea ni binti mkubwa wa marehemu, na nilipofika kwenye habari ya jenereta alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimtajie tarehe tena, polepole, aziandike. Jumatatu vijana walisogeza spika upande wa pili wa dari na kutoa jenereta dakani. Majirani wa nyumba tano wamekubali kwenda nasi kwa mzee wa mtaa, na daftari sasa lina kurasa nne.

Wiyoni tulikwenda usiku wa Ijumaa na tukakaa nje mpaka saa tano na nusu. Ni kimya kweli. Mpangaji aliyetoka alikaa miaka 6, akahama kwa sababu ya kazi. Mwenye nyumba amekubali kutungojea hadi mwisho wa mwezi.

Mama alilala mpaka adhana ya alfajiri usiku wa Jumanne na wa Jumatano. Alhamisi muziki ulirudi, chini kidogo kuliko zamani, ukaisha saa saba. Nimeliandika hilo pia. Notisi ya kuhama nimeshaiandika na mume wangu ameitia sahihi, lakini mahali pa tarehe tumepaacha wazi.