Muvi ya 45 Years: hivi huyu mama alikasirikia nini hasa?

Mzee_wa_Tandika
Wakuu habari za wikiendi. Jana usiku mi na waifu tumeicheki hii muvi ya Waingereza ya 2015, ya Andrew Haigh, wako Charlotte Rampling na Tom Courtenay. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu pita tu maana namwaga mpaka mwisho.

Kwa kifupi: Kate na Geoff ni wazee wanaishi kijijini Norfolk, hawana watoto, wana mbwa tu, na Jumamosi wana shughuli kubwa ya kutimiza miaka 45 ya ndoa. Jumatatu inaingia barua toka Uswisi, ya Kijerumani, kwamba mwili wa Katya umeonekana ndani ya barafu. Katya alikuwa mchumba wa Geoff enzi hizo, alitumbukia kwenye ufa wa barafu mlimani miaka ya 60 mwanzoni, yaani kabla Geoff hajamjua Kate. Basi kuanzia hapo hakuna kofi, hakuna mchepuko, hakuna sahani inayorushwa, watu wanakunywa chai, wanamtembeza mbwa, na ndoa inaoza hivi hivi unaiona.

Sa swali langu, mtu kafa hata hamjaonana, unamuonea wivu wa nini? Mi naona mzee kaonewa. Waifu kasema sina akili, na tumelala mzungu wa nne. Nisaidieni.

BintiKilindini
Pole kaka yangu lakini shemeji kasema kweli. Nani kakwambia shida ni marehemu? Kate jina la Katya alishalisikia zamani, alikuwa hana neno. Shida ni vile mambo yalivyokuwa yakitoka moja moja kama jino bovu. Mara barua imekuja kwa Geoff kwa sababu kule milimani walikuwa wakijitambulisha mume na mke, kwa hiyo kwenye makaratasi ye ndo mwenye maiti. Mara usiku kitandani Kate anamuuliza, asingekufa ungemuoa? Na mwanamume anajibu ndio! Jamani hata kudanganya kidogo? Halafu usiku anamkuta anapanda darini kutafuta picha.

Siku Geoff katoka, Kate kapanda mwenyewe, kawasha ile mashine ya slaidi, picha zinapita pale kwenye shuka, Katya anacheka, Katya yuko ziwani, mpaka inafika ile kashika tumbo. Mimba. Sasa rudi nyuma ukumbuke, ndani ya nyumba yao hakuna picha ukutani, Kate mwenyewe aliwahi kusikitika kwamba hawakupiga picha, wenye watoto ndo hupiga. Kumbe picha zipo tele, ziko juu ya kichwa chake miaka yote hiyo. Yeye hana mtoto, na ile mimba hakuambiwa. Huo si wivu, huko ni kugundua umeolewa ukaachwa sebuleni.

Fundi_Saa
Dada umesema vizuri ila mi nabaki na mzee. Hebu fikirieni, kijana yuko nchi ya watu, mchumba kadondoka mbele huko na wala hakumuona akianguka, mwili haukupatikana. Hakuna kaburi, hakuna tanga, hakuna mtu wa kumwambia pole. Karudi kwao kaoa kanyamaza. Hiyo barua ndo msiba wenyewe umefika, umechelewa nusu karne, na anayetakiwa kukaa naye kwenye mkeka ni mke wa pili. Nani hapo angejua afanye nini? Kaanza tena kuvuta sigara, kaenda mjini kuulizia safari za Uswisi wakati moyo wenyewe ulishafanyiwa opareshoni, ndo maana hata sherehe ya miaka 40 haikufanyika. Na cha kuuma zaidi mwenzie kabaki vilevile kwenye barafu, msichana, ye kazeeka. Mi nilimuonea huruma, nyie mnaongelea picha.

kichwa_ngumu88
Mi nililala walipofika kwenye mtumbwi sijui boti. Muvi ya watu kunywa chai. Mkipata yenye bastola niiteni

Mswahili_Leeds
@kichwa_ngumu88 hahaha rudi tena ukiwa na usingizi wa kutosha. Kwa walioipenda, iangalieni tena kwa masikio. Mwanzo kabisa kabla ya picha yoyote skrini ni nyeusi na unasikia klik, klik, ni ile mashine ya slaidi, na hujui ni nini mpaka Kate apande darini. Na muziki wa kukulazimisha ulie hamna, nyimbo zote wanazisikia wao wenyewe. Mandhari nayo, Norfolk ni tambarare, kilima cha kuhesabu, halafu mzee kutwa anawaza milima. Rampling na Courtenay wote wawili walibeba tuzo Berlin mwaka ule, na mama akaingia mpaka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Ile ya darini peke yake ilitosha, uso wake upande mmoja, Katya upande wa pili, neno hakuna.

Mzee_wa_Tandika
Sawa nimewasoma. Waifu nae kasoma kamfurahia sana BintiKilindini. Lakini mwisho bado hamjanijibu, mzee kasimama mbele ya watu kamsifia mkewe mpaka kalia machozi, wamecheza wimbo uleule wa siku ya harusi, jamaa kanyanyua mikono yote juu kwa furaha na Kate kauchomoa mkono wake kwa nguvu. Kwa hiyo anaondoka au?

BintiKilindini
Aende wapi na umri ule. Anarudi nyumbani, anampikia, na hamuamini tena.

Fundi_Saa
Au alichoka tu kushikwa shikwa. Mkuu we muulize waifu, sisi tusikuvunjie nyumba.

Mzee_wa_Tandika
Nimemuuliza. Kaniuliza na mimi darini kwetu kuna nini. Tunakaa nyumba ya kupanga, dari lenyewe la wavu wa mbu.