MREJESHO: Mwanangu na ndoto mbaya baada ya dawa ya aleji
Wakuu habari, ni mimi niliyeuliza kuhusu mtoto wa miaka 5 anayeamka usiku akipiga kelele tangu aanze montelukasti ya mafua ya aleji. Asanteni sana jamani. Ushauri wa kumpa asubuhi badala ya usiku haukusaidia kitu, basi nikarudi kwa daktari kama wengi mlivyosisitiza, akasema ndoto mbaya na hasira ni madhara yanayojulikana, Marekani walishaamuru onyo kali tangu 2020, akaisimamisha akampa ya kupulizia puani. Ndoto ziliendelea siku kama 4 hivi nikaogopa kweli, halafu zikakata. Pua bado inaziba alfajiri na chafya zipo, ila analala mpaka kunakucha, nashukuru mno.