Mrejesho: leseni ya unesi imetoka jamani

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule nilieuliza kuhusu jina langu kutofautiana kwenye pasipoti na kwenye barua ya ruhusa ya kufanya NCLEX-RN, ule mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani. Mlionambia nirekebishe kabla sijapanga tarehe Mungu awabariki sana, maana siku ile dada wa mapokezi aliliangalia jina herufi kwa herufi ndo akanichukua alama za kiganja, bila hivyo naamini ningerudishwa mlangoni.

Mtihani ni maswali 85 mpaka 150, masaa 5, na kompyuta inakupandishia ugumu kadri unavyopatia. Yangu ilizima swali la 85, yaani mtihani ukaishia hapo, nikatoka natetemeka, kwa sababu kuzima hapo unaweza ukawa umefaulu au umefeli. Juzi usiku nikakuta namba ya leseni kwenye tovuti ya bodi ya unesi ya jimbo, nililia kweli.

Kilichonichelewesha zaidi ni transkripti (karatasi ya matokeo ya masomo ya chuo), chuo kilinipa mimi mkononi badala ya kuituma wenyewe moja kwa moja, ikakataliwa tukaanza upya. Anaeanza sasa hivi afatilie hilo kwanza kabla hata hajafungua kitabu.