Mshtuko wa moyo Arusha na Moshi: dawa hapahapa au rufaa ya Dar kwanza?

Mtoa mada: Wadau, msimamo wangu ni rufaa. Mshipa wa moyo ukiziba, mgonjwa asafirishwe mara moja hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar. Puto linaloingizwa ndani ya mshipa huufungua kwa uhakika kuliko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na hatari ya kuvuja damu kichwani ni ndogo zaidi.

Daktari wa dharura, Moshi: Mkuu, puto hushinda dawa likiwahi. Miongozo ya kimataifa inatoa dakika 120 tangu ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ithibitishe hadi mshipa ufunguliwe. Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Hata ndege ikiwa tayari KIA, jumlisha safari ya kufika uwanjani, kupakia, saa moja hivi angani, kisha foleni ya Dar hadi Muhimbili. Muda umeshapita, na msuli wa moyo unaendelea kufa.

ECG ipigwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Ikionyesha sehemu ya mchoro iitwayo ST imepanda, usisubiri troponini (kipimo cha damu cha moyo). Aspirini 300 mg atafune, klopidogreli 300 mg (aliyezidi miaka 75 apewe 75 mg), kisha streptokinesi, ndiyo dawa ya kuyeyusha, uniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60. Presha ikiporomoka, punguza kasi ya dripu au isimamishe kidogo, mwinue miguu.

Nesi, Arusha: Naunga mkono, ila aulizwe kwanza. Amewahi kuvuja damu kichwani? Kiharusi ndani ya miezi 6? Upasuaji mkubwa karibuni? Alishawahi kupewa streptokinesi? Maumivu yanachana hadi mgongoni? Hilo la mwisho laweza kuwa mshipa mkuu umechanika, na dawa hiyo itamuua.

Na jamani, zahanati ziache kumchoma diklofenaki (sindano ya maumivu) mtu anayelalamikia kifua, eti ni vidonda vya tumbo! Akija kuyeyushiwa damu, panapochomwa sindano ya msuli ndipo inapovujia.

Mtoa mada: Dawa ikishindwa je?

Daktari wa dharura, Moshi: ECG irudiwe baada ya dakika 60 hadi 90. ST isiposhuka angalau nusu, aondoke haraka kwenda Dar. Ikishuka, bado aende, ndani ya saa 2 hadi 24. Kwa hiyo Dar wapigiwe simu dripu inapoanza. Na gari lisitoke bila mashine ya kustua moyo yenye chaji na mtu anayejua kuitumia. Mapigo yakivurugika mkiwa mmeshapita Same, hamna msaada mwingine barabarani.

Mtoa mada: Kwa masharti hayo, dawa ianze. Ila kituo kisicho na ECG kisimshikilie mgonjwa kikingoja daktari. Kimpe aspirini, aje hospitali ya Mawenzi au KCMC hapa Moshi, simu itangulie.