Kofia ya mwanga kwa wazee wanaosahau: iuzwe kama tiba?

Mwana wa Wete (mwanzisha mada)
Assalamu alaykum. Kaka yangu kaja na habari ya kofia yenye vitaa ndani. Mzee avishwe kila siku, eti mwanga unaamsha mishipa ya limfu (inayobeba maji na taka za mwili) kichwani, taka za ubongo zitoke. Mama yetu anasahau. Jana alasiri katawadha mara tatu, kila akikaa kwenye msala anauliza, "Nishatia udhu?" Bei ya kofia ni karafuu zetu za msimu mzima.

Mimi nasema isiuzwe kama tiba. Mishipa ipo kweli: mwaka 2015 watafiti wa Virginia na wa Helsinki waliionyesha kwenye utando unaofunika ubongo wa panya. Wenzao wa Saratov, Urusi, wakammulika panya kwa leza ya nanomita 1267 (mwanga usioonekana kwa macho), taka zikatoka zaidi. Lakini fuvu la panya ni jembamba mno. La mama ni nene, tena lina ngozi na nywele juu yake. Mwanga mwingi unaishia njiani.

Mkoani
Dada, baba yangu kafa hanijui jina. Tuliambiwa hakuna dawa ya kumponya. Tulimnywesha makombe, tukamkanda mafuta, hakuna aliyetuzuia. Kama mwanga hauunguzi, kwa nini mtu anyimwe kujaribu?

Muuguzi, Chake
Pole sana kaka. Kujaribu ni haki yako. Kuuziwa jaribio kwa jina la tiba ndiko ninakokupinga. Chukua mfano wa taa za kupepesa mara 40 kwa sekunde. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walisema kwa panya zinapunguza amiloidi, ile protini inayorundikana ubongoni kwa wenye maradhi ya kusahau. Mwaka 2023 maabara moja ya New York ikarudia, haikuyaona hayo. Panya tu bado wanabishaniwa, seuze bibi yetu!

Dada, mama analala vipi? Mwaka 2013 watafiti wa Rochester waliona panya akilala, nafasi baina ya seli za ubongo inapanuka kwa asilimia 60 hivi, maji yakapita na kusafisha. Na presha yake mnaipima? Masikio je? Hayo nayo yanahusiana na kusahau.

Mwana wa Wete
Halali vizuri. Anaogopa giza, taa ya chumbani inawaka mpaka alfajiri. Leo naihamishia ukumbini, mlango nauacha wazi.

Mkoani, kaka yangu, maneno yako yameniingia. Muuzaji akiandika "majaribio" na asichukue pesa, mama nitamvisha mwenyewe. Akiandika "tiba", karafuu hazitoki ghalani.