Tupeane uzoefu: ulianzaje kuishabikia timu ya lakrosi ya hapo karibu na kwenu, na kwa nini hujaiacha?

Mama Daftari (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Huu ni msimu wangu wa 9 nikiifuata timu yetu ya lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu. Wa ligi kubwa wana televisheni na kumbi zinazojaa. Sisi wa timu ndogo tuna uzio tu na mechi ya Jumamosi, na hatuna wa kumsimulia. Basi tusimuliane.

Mechi yangu ya kwanza sikuelewa kitu. Mshambuliaji kapiga, mpira ukapita pembeni ya goli na kutoka nje, halafu watu wanne wakautimkia kana kwamba bado uko mchezoni. Nikashangaa, wanakimbilia nini? Mzee mmoja aliyesimama jirani yangu akanieleza: kwenye lakrosi ya wanaume, shuti likitoka nje, mpira anapewa mchezaji aliyekuwa karibu zaidi na pale ulipotokea. Ndiyo maana mmoja anapiga na mwenzake tayari keshajipanga nyuma ya goli kuulinda. Tangu siku ile simwangalii aliyepiga, namwangalia aliyekimbia.

Msimu wa pili nikaanza kubeba daftari. Naandika mipira ya chini: nani kaokota, robo ya ngapi. Hakuna aliyenituma. Magoli kila mtu anayakumbuka, lakini ule mpira unaodondoka na watu watatu wakauinamia kwa fimbo zao, kwenye timu kama yetu hauandikwi na yeyote. Msimu wa nne kocha akaja hadi uzioni. "Mama, kila wiki nakuona unaandika. Unaandika nini?" Nikampa daftari, akakaa nalo juma zima. Kumbe aliyeongoza kwa kuokota alikuwa beki mmoja mpole wa akiba, hajawahi kufunga hata goli moja. Jumamosi iliyofuata kijana yule alianza. Nililia pale uzioni, na sikujificha.

Haya, karibuni.

Nyuma ya Goli

Shikamoo mama. Mimi nilianza kwa sababu ya mdogo wangu, alikuwa kipa. Nadhani hakuna nafasi ngumu kuliko ile. Goli ni mita 1.83 kwenda juu na 1.83 kwa upana, mpira ni raba ngumu, na wanaume wanaocheza ngazi ya juu wanaupiga kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Kipa ana kofia, kinga ya koo na kifua, na glavu. Miguu mara nyingi iko wazi. Mdogo wangu alikuwa anarudi nyumbani na alama za duara mapajani.

Alicheza misimu 3, masomo yakambana akaacha. Mechi ya kwanza bila yeye nilikwenda kwa mazoea tu, nikasimama palepale nilipozoea. Golini kulikuwa na binamu wa mchezaji mmoja, mgeni kabisa. Sasa, kwenye lakrosi mchezo unaendelea hata nyuma ya goli. Mpira ukiwa huko, beki hawezi kumwona mtu wake na mpira kwa pamoja, kwa hiyo anategemea sauti ya kipa: uko kushoto, uko nyuma, anakuja! Yule kijana alikuwa ananong'ona. Mabao yaliingia 17. Niliondoka nikisema nitarudi mara moja tu, nione kama amepata sauti.

Amepata. Siku hizi namsikia kabla sijaingia uwanjani.

Nyongeza kwa wageni: msisimame nyuma ya goli mahali pasipo na wavu wa kuzuia mipira. Nasema kwa uzito.

Ngoma ya Sekunde 30

Mimi ni wa lakrosi ya ndani, ile ya wachezaji 5 na kipa, kwenye ukumbi wa hoki ya barafu wakati barafu imeondolewa au imefunikwa. Mpira ukigonga ukuta unarudi mchezoni, hakuna kupumua. Timu ikipata mpira ina sekunde 30 za kupiga golini. Kundi letu tulikuwa na ngoma, na sekunde 10 za mwisho tulikuwa tunazihesabu kwa mapigo.

Timu tuliyoipenda ilikuwa ya kulipwa. Mwenye timu akaihamishia mji mwingine. Tulijulishwa kwa barua pepe, aya mbili. Misimu 10 ya maisha yangu, aya mbili. Mpaka leo linaniuma.

Tukakaa karibu mwaka ngoma ziko stoo. Kisha mwenzetu mmoja akasema kuna timu ya ridhaa, watu wanatoka kazini jioni wanacheza. Tulipoingia na ngoma zetu, jukwaa zima lilikuwa na wake zao na watoto wawili waliolala. Nahodha akaja kutuuliza kwa adabu kama hatukukosea ukumbi. Tukamwambia hapana, tumekuja kwenu. Hii hawezi mtu kuihamisha.

Dada wa Mita 8

Niseme la moyoni. Pale kwetu mechi ya wanaume ikiisha, nusu ya watu wanaondoka, na ya wanawake ndiyo inaanza. Wanasema filimbi ni nyingi. Jamani, jifunzeni kwanza! Kina dada, ukimwacha kipa, hawana kofia ngumu kama wanaume; wana miwani ya kinga na kinga ya meno. Ndiyo maana beki haruhusiwi kujiweka kwenye njia ya shuti bila kumkaba mtu. Akikosea hivyo mbele ya goli, mshambuliaji anaweza kupewa mpira kwenye tao la mita 8, ule mstari uliopinda mbele ya goli, njia ikiwa nyeupe, yeye na goli. Uwanja mzima unanyamaza. Mimi nimebaki kwa ajili ya ukimya ule.

Msomaji wa Usiku

Mimi niliingia kwa kusoma. Nilikuta kwamba 2014 Uganda ilikwenda Denver, Marekani, timu ya kwanza ya Afrika kwenye ubingwa wa dunia wa wanaume. Nikatafuta timu ya karibu wiki hiyohiyo.

Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyowaheshimu Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini ambako lakrosi ilizaliwa, ambao kwao huu ni mchezo wa Muumba, unaochezwa pia kama tiba. Los Angeles 2028 lakrosi inarudi Olimpiki kugombea medali, mara ya kwanza tangu London 1908. Wahaudenosaunee hawana kamati ya Olimpiki inayotambuliwa, na bila hiyo ni vigumu kuingiza timu. Wenye mchezo wakae jukwaani? Sikubali.

Filimbi Mstaafu

Mada nzuri. Ombi dogo kwa wanaotupigia kelele sisi waamuzi: hesabuni kabla ya kuzomea. Kwenye lakrosi ya uwanjani ya wanaume, timu ikiwa kamili lazima ibakize angalau watu 4 nusu yake ya nyuma, kipa akiwemo, na 3 nusu ya mbele. Mkimwona kiungo amesimama kwenye mstari wa kati ameinua fimbo juu, hajachoka. Anamngoja beki wake aliyepanda mbele arudi.

Nyuma ya Goli

Mama Daftari, hilo daftari umelipangaje? Nataka kuanza la kwangu, la kipa.

Mama Daftari

Mwanangu, gawa ukurasa kwa robo 4. Kila shuti andika limetoka wapi: kushoto, kulia, katikati au nyuma, na kama lilikuwa la juu au la chini. Weka alama moja aliyodaka na nyingine iliyoingia. Usiandike wakati mpira unatembea, utapitwa, subiri filimbi. Tumia penseli, wino mvua inaufuta. Na kijana mwenyewe usimwonyeshe hadi zifike mechi 5, moja ina uongo mwingi.

Jumamosi tunacheza nyumbani. Nitakuwa uzioni, upande wa benchi letu.