Naomba ushauri: mjadala wa Life of Pi uanzie wapi?

Wakuu, naomba ushauri wa kuongoza mjadala wa riwaya hii ya Yann Martel (2001). Kila mara wasomaji hukimbilia swali la mwisho: kati ya visa viwili anavyosimulia Pi, kijana aliyenusurika baharini baada ya meli kuzama, kipi ni cha kweli, cha kuwa na simbamarara mashuani au cha kuwa na watu? Hapo mjadala unakufa, unabaki ubishi wa dini na sayansi, wakati kitabu chenyewe hakivitenganishi. Pi anaswali, na bado uhai wake unategemea mitambo ya jua: maji ya bahari yanapata joto, mvuke unapoa kwenye plastiki, matone yasiyo na chumvi yanadondoka. Kuna pia akina Kumar wawili, mwalimu asiyeamini Mungu na mwoka mikate Mwislamu, wakimlisha pundamilia mmoja karoti. Ukurasa huo naupenda mno.

Nafikiria kuanza na ndizi za sura ya 99, ambako Okamoto, ofisa wa Kijapani anayemhoji Pi, anadai ndizi hazielei: beseni la maji baridi, ndizi mbili zisizomenywa. Zinaelea. Maji yasitiwe chumvi, maana baharini kuna takriban gramu 35 kwa lita na huko zingeelea zaidi.

Je, jaribio lifanyike kabla ya kusoma sura hiyo, au baada? Nahofia likitangulia, litamhukumu Okamoto mapema.